Askari wa Semeni

Ijumaa ya tarehe nane Machi, mwaka elfu mbili na kumi na tisa, saa mbili na robo asubuhi, mlango wa zahanati yetu ulikuwa na kufuli, na mke wangu Semeni alikuwa amesimama mbele ya kufuli hilo na utepe wa bandeji puani. Hiyo ndiyo siku. Wengine wataniambia siku ni Jumatano, alipotokwa damu ya pua pale kwenye tanuri letu la matofali, kwa joto na moshi, dakta akamshindilia ule utepe mpaka ndani kabisa, damu ikakata, akasema asiuguse mtu, arudi Ijumaa yeye dakta autoe mwenyewe. Wengine watasema Jumatatu, alipokufa. Mimi nasema Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ile ilikuwa Siku ya Wanawake Duniani, na wauguzi wote wawili walivaa vitenge vya sare, vya zambarau, wakapanda gari pamoja na dakta, wakaenda wilayani kuandamana kwa ajili ya wanawake. Mwanamke wangu wakamwachia kufuli. Jumamosi na Jumapili zahanati haifunguliwi, ufe usife. Jumamosi Semeni akawaka homa, akatapika, akaharisha, macho yakaiva, viganja vikaiva, ngozi ikawa kama ya mtu aliyebabuliwa na mvuke. Jumapili nikakodi pikipiki mpaka hospitali ya wilaya, wakautoa utepe, wakamtundikia dripu moja baada ya nyingine, Jumatatu saa nne asubuhi akaniacha. Kulikuwa na daktari kule, binti tu, umri wa mwanangu Zena, akaniita pembeni. Akasema, baba, kuna mdudu anakaa kwenye pua za watu wengi, anakaa kimya, hana neno na mtu. Sasa ule utepe ulivyokaa mle siku zote hizo ulimjengea nyumba, akazaliana, akatoa sumu. Na sumu yenyewe haimli mtu, inawadanganya askari wa mwili, wanaamka wote kwa mpigo mmoja, wanaupiga mwili wao wenyewe. Nikamwuliza, kwa hiyo mke wangu kajiua? Akasema hapana, baba. Nikamwuliza, basi nani? Akaitwa chumba kingine, akaenda.

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu nimzike, na nimekaa kwenye benchi la zahanati ileile, mchana wa jua kali, nimeegemea ukuta. Kamati ya afya ya kijiji imekaa ndani, dakta naye yumo, wamenitolea karatasi nje niisome kabla sijaingia. Nimeishia darasa la nne, lakini hii nimeisoma yote, mara mbili. Inasema marehemu alicheleweshwa nyumbani na familia yake. Chini pameachwa nafasi ya dole gumba langu. Nikilitia dole, mambo yameisha, dakta anabaki na kiti chake. Nikilikataa, mwenyekiti Bwana Pazi amesema nisimame mbele yao nitaje, kwa jina, ni nani aliyemuua mke wangu. Siyo kunung'unika, Mzee Mwinshehe, amesema, jina. Basi natafuta jina. Najua wakubwa wamemuua, lakini wakubwa ni wengi, natafuta yupi, na jua linanipiga utosini, na karatasi inakuwa nzito mkononi kama tofali bichi, na ukuta niliouegemea unaanza kulegea, unakuwa kama ugali usioiva, mgongo unazama, mabega yanazama, najiambia niinuke nisije nikaaibika mbele ya kamati, na kichwa nacho kinazama, napita.

Niko barabarani. Barabara ni nyeupe na laini, inabonyea nikikanyaga, imesukwa nyuzi kwa nyuzi kama mkeka mwembamba, na ina unyevunyevu, na huku na huku ni kuta za rangi ya ufizi. Natembea, barabara haiishi, inajikunja, inanirudisha nilipotoka na napajua nilipotoka kwa nyayo zangu, kisha hata nyayo zinakuwa mbele yangu badala ya nyuma. Mbele kuna mtu anatembea. Namwita, bwana, hii njia inakwenda wapi? Anageuka, na hana uso, pale penye uso ni laini kama mgongo wa upawa, lakini shati lake nalijua, ni shati la ofisini, jeupe, na kalamu nne mfukoni. Nasema moyoni, hata huku wapo. Nasema kwa sauti, wewe ni mkubwa wa hapa? Anasema, kitendawili. Mimi nataka kumtukana, ila mdomo wangu unajibu wenyewe, tega. Anasema, nina majeshi ya askari, hawajui kusoma, kila mmoja anajua kitambaa kimoja tu, na hajui kingine mpaka kufa. Nafikiri. Nasema mafundi cherehani. Anatikisa kile kisicho uso. Nasema wapiga kura. Anacheka, sijui anacheka kwa kutumia nini. Nasema nimeshindwa. Anasema, nipe mji. Nikiwa mtoto tulikuwa tunagawa miji bure hivi, jioni nzima, mtu akishindwa anatoa mji na hakuna aliyewahi kuufuata kuuchukua. Nampa mji ambao nimeusikia redioni tu. Nasema, nakupa Tabora. Anasema, nilikwenda Tabora nikakuta mlango mmoja na nyumba mbili, na kabla hajamaliza tumefika.

Nyumba zote zinatazamana na nyumba zinazofanana nazo, dirisha kwa dirisha, mtu akichota maji upande huu, upande wa pili anachota mtu yuleyule kwa mkono mwingine, na sijui ni kioo au ni mji wa pili. Katikati anapita mama mmoja mnene, mlinzi wa doria, huyu ana uso, anatafuna. Kifuani amebandika kipande cha kitambaa kilichochanika. Namwamkia, namwuliza anakula nini. Anasema, mwizi. Anasema hivyo tu kama mtu anayekula muhogo. Anaendelea, nimemkamata pale ukutani anapenya, nimemla, nimebakiza kipande cha nguo yake, nakipeleka kambini. Namfuata kambini. Askari wamelala wamejipanga mstari usio na mwisho, na mama anakwenda mmoja mmoja, anainama, askari anakipapasa kile kitambaa kwa vidole, anasema siyo changu, pita. Wa pili anapapasa, siyo changu, pita. Wa mia, siyo changu. Damu inanichemka. Namwambia, mama, kumbe hata huku mambo ni nenda kule, njoo kesho? Mwizi anaingia na nyinyi mnapapasa vitambaa? Ananitazama kama nilivyotazamwa madirishani wilayani nilipopeleka malalamiko yangu. Anasema, baba, haraka yako itakuponza. Askari hawa wana moto mikononi. Nikimwamsha asiyehusika, huo moto ataumwaga juu ya nani? Askari wa elfu kumi, au zaidi, sikuhesabu mpaka mwisho, anapapasa, anafungua macho, anasema hiki changu. Anainuka yeye, anawaita watoto wake tu, wanakuwa kikosi, wanakwenda ukutani, moto unawaka kidogo, unazimika, wanarudi wanalala. Upande wa pili wa kioo nako wanalala. Mji unaendelea kupika. Nasema, ni hivyo tu? Asiye na uso anasema, ni hivyo miaka yote, ulikuwa huoni kwa sababu ulikuwa salama. Kisha anasema, kitendawili.

Nasema tega, na ninaanza kuogopa kusema tega. Anasema, mgeni wangu hana panga wala rungu, kaingia na adabu zake, kawashikanisha watu mikono, mji umekufa. Nasema mshenga. Anasema, umekaribia lakini hapana. Nasema mwanasiasa. Anasema nipe mji. Nampa Songea, nako sijafika. Anasema, nilikwenda Songea, na tunafika, na Songea ni Tabora ileile, nyumba zilezile, mama mnene yuleyule anapita na kitambaa kifuani, ila ile barabara nyeupe sasa imeingia mpaka sebuleni kwa watu, imejaa, imeziba milango, upepo haupiti, na kwenye nyuzi zake nimeona vitu vidogo vya mviringo, vimekaa vishada vishada kama mayai ya samaki, vinapumua. Nauliza, hawa walikuwepo Tabora? Anasema, walikuwepo, walikuwa wapangaji wachache, wanalipa kodi, hawana kelele. Nani kawapa nyumba kubwa hivi? Kutoka kwenye vile vishada anatoka mgeni mmoja, mwembamba, msafi, anapiga hodi. Hana silaha, nimemkagua. Anakwenda kwa mama wa doria, anamshika kiwiko kwa pembeni, ananong'ona samahani dada, mkono wa pili anamshika kiwiko askari aliyelala, na anawavuta mpaka vifua vyao vinagusana. Kitambaa hajakitazama. Askari hajakipapasa. Lakini kwa vile amebanwa kifua kwa kifua na mama wa doria, askari anadhani amekwisha kukitambua, anafungua macho, anasema changu. Mgeni anaondoka, anashika kiwiko kingine. Na wageni ni wengi sasa, wanatoka kwenye nyuzi mmoja mmoja kwa adabu, samahani dada, samahani kaka, na kila askari wa tano anasimama, kila wa tano, mstari mzima usio na mwisho, wanasema changu, changu, changu, na king'ora kinalia, na kila aliyesimama anapiga ukelele, na ukelele wenyewe unawaamsha ambao hawajashikwa na mtu. Wanatafuta mwizi. Mwizi hayupo ukutani. Wanawasha moto hivyohivyo. Wanauwasha jikoni, wanauwasha vitandani. Mama wa doria anapiga kelele, jamani kitambaa, kitazameni kwanza kitambaa, hakuna anayemsikia, na yeye mwenyewe sasa anapiga king'ora kwa mkono wa pili, analia na anapiga.

Wanaleta maji kuuzima moto. Wanafungua mabomba yote ya mji, na mabomba yenyewe yanafanya matundu, maji yanavujia udongoni, kuta zinavimba, sakafu inavimba, na kwenye bomba lenyewe hakuna maji, naweka sikio nasikia upepo. Mahali fulani kuna ngoma inapigwa, inakwenda mbio, inakosa pumzi, na mbio zake napigwa nazo kifuani. Hapo napajua. Hili joto nalijua, hii rangi ya kuta naijua, nimekaa pembeni ya kuta hizi Jumamosi nzima nikizipepea kwa kipande cha boksi. Namkamata askari mmoja shati, namwuliza, nani kakutuma? Anasema, nimeamriwa. Na nani? Anamwonyesha mwenzake. Namkamata yule, anamwonyesha mwingine, yule anamwonyesha mwingine tena, nazunguka mji mzima kwa vidole vya watu mpaka kidole cha mwisho kinaniletea yule wa kwanza. Nimeshazungushwa hivi wilayani, kutoka chumba namba tatu mpaka namba tisa mpaka namba tatu, kwa hiyo silii, nadai ofisi ya mkubwa. Asiye na uso ananifungulia mlango. Ndani kuna meza na kiti, na kiti hakina mtu, mgongo wa kiti ni kioo, na kwenye kioo yupo mzee mmoja amesimama, ana vumbi la matofali kwenye nywele, anadai kumwona mkubwa. Nasema, huu uhuni wa vioo muwafanyie wajinga. Natoka. Askari wanapita mbio, hawana ubaya usoni, hilo ndilo linalonichanganya, nimezoea kuona ubaya kwenye uso wa mtu anayenidhulumu, hawa wana sura za watu wanaookoa mji. Wanalia wanapouchoma. Mmoja ananiambia, ondoka baba utaumia, sisi tupo, usiogope.

Naikimbilia barabara nyeupe kwa sababu hakuna njia nyingine, na mwisho wake, nilikodhani hakuna mwisho, nasikia sauti. Baba Zena, umenenepa. Semeni amekaa juu ya rundo la matofali mabichi, miguu inaning'inia, barabara inapanda mpaka kwake, inakuwa nyembamba, nyembamba zaidi, inaingia puani mwake. Mjane gani ananenepa? anasema. Nani anakupikia? Nasema dada yako. Anasema ndiyo maana, yule chumvi hajui, mafuta anayajua. Nataka kucheka. Namwambia nimekuja kutafuta jina, kamati inataka jina. Nasema ni dakta, ni wauguzi na vitenge vyao, ni mkubwa wa wilaya aliyeagiza gari lijae watu wa kuandamana, ni hawa askari wako, Semeni, nimewaona. Ananisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza, anachezea udongo kwenye kucha. Kisha anasema, na Jumamosi mchana nilikuambia nini? Hili sijamwambia mtu. Sikumwambia Zena, sikuliandika kwenye malalamiko yangu, na sasa nalisema. Jumamosi mchana alishika ncha ya utepe inayotokeza puani, akasema, Baba Zena nivutie hiki, kinaniunguza mpaka kichwani, mimi mikono haina nguvu. Nikamshika mkono, nikauteremsha. Nikamwambia, wewe umesomea udaktari? Dakta amesema asiuguse mtu, tutasubiri Jumatatu. Nilimtii dakta. Mimi ninayewatukana asubuhi na jioni, siku ile moja niliwatii.

Sasa naushika utepe. Navuta. Barabara inakuja, ndefu, mkono kwa mkono, inakuja na unyevu wake na vishada vyake, Songea inaburutwa inakuja, nyumba zinalala kifudifudi, Tabora inakuja, vioo vinakuja bila kuvunjika, mama wa doria anapita ameng'ang'ania ukingo, askari wanateleza na mioto yao, mmoja mmoja wanakaa chini, wanafumba macho, king'ora kinashuka, kinashuka, ngoma inapunguza mbio, inapunguza mno, nasema hapana siyo kiasi hicho, na utepe unaisha mkononi mwangu. Ni mfupi. Urefu wa mkono tu. Semeni anajifuta pua, anasema, kumbe unaweza kuvuta. Anasema bila hasira, na ndivyo alivyokuwa akisema yale mazito yote. Namwuliza, ningeuvuta Jumamosi ungepona? Anasema, labda. Labda Jumamosi walikwisha kusimama, ungevuta utepe wakabaki wamesimama. Mimi nitajuaje, Baba Zena? Mimi ndiyo mji wenyewe. Mji unajua unaungua, haujui zaidi. Naomba aniambie nilitie dole au nisilitie. Anasema nimwulize mwenye kalamu.

Asiye na uso amesimama nyuma yangu. Kitendawili, anasema, na sauti yake imepungua, kama mtu anayesema chumba cha pili. Sitaki kujibu, na mdomo unajibu, tega. Anasema, tulilala watatu kwenye mto mmoja, wawili wanajuana, wa tatu hatumjui kaja na nani. Hiki nakitambua nusu. Nakitambua kama askari anavyopapasa kitambaa. Nasema mto ni mto wangu, wa sufi, Semeni aliushona mwenyewe. Wawili ni sisi. Wa tatu ni yule mpangaji kimya. Anasema, hiyo ni nusu, jibu ni alikuja na nani. Natazama kwa Semeni, matofali yapo, yeye hayupo. Nasema nimeshindwa. Nipe mji. Miji ya redioni imeniisha, najaribu Bukoba, anasema hapana, nipe unaoujua. Nampa kijiji chetu. Nampa tanuri na zahanati na mtaa wa msikitini, nampa yote. Anasafisha koo lisiloonekana. Anasema, nilikwenda kijijini kwenu, nikakuta,

na mtu amesimama mlangoni mwa zahanati, jua liko nyuma yake, uso siuoni. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Anasema, Mzee Mwinshehe, tunakusubiri wewe. Sauti ni ya Bwana Pazi, nadhani ni ya Bwana Pazi. Nimekaa kwenye benchi. Naugusa ukuta kwa kiganja kuona kama ni mgumu, ni mgumu, lakini hata ule ulikuwa mgumu mpaka ulipolegea. Nakanyaga chini mara mbili, sakafu haibonyei, au inabonyea kidogo sana. Namwambia aingie kwanza, atoke juani nimwone. Anacheka, anasema mzee ulikuwa umesinzia, na anaingia, nami namfuata, na ndani kuna giza baada ya jua, watu saba kwenye viti vya plastiki na wote kwangu ni sura laini, sina hakika, najua dakta ni yule wa pembeni kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Wananiwekea kidau cha wino mezani. Mwenyekiti anasema, haya, dole au jina. Nilikuja na majina. Nilikuwa nayo matano, nimeyapanga kama matofali tangu wiki iliyopita, la dakta likiwa juu kabisa. Nafungua mdomo, na majina hayatoki. Naweka karatasi yao mezani, naigeuza, upande usioandikwa uwe juu. Nasema, lile kufuli ni lenu, hilo halina mjadala, na la Jumamosi ni langu, nalo nalitaja leo hadharani. Dakta anainua kichwa. Nasema, dole hili mtalipata, na jina mtalipata, ila mniambie kwanza jambo moja, na asiyejua aseme hajui, nisizungushwe. Yule mdudu aliyewaamsha askari wa Semeni, asubuhi ile ya Jumatano alitoka wapi: alikuwa tayari puani mwake, au aliingia na mkono wa dakta, au alitoka kwenye pua yangu mimi, niliyelala naye mto mmoja miaka ishirini na sita?